Uhariri wa Magombo ya Piano Ijichezayo

Mhakiki wa miswada ya tenzi anafahamu kwamba kila mnukuzi huongeza makosa yake juu ya makosa aliyoyarithi. Tatizo hilo hilo huyakabili magombo ya piano ijichezayo, yaani karatasi ndefu zenye matundu zilizoenea Marekani na Ulaya hadi mporomoko wa uchumi wa 1929. Makala haya yanaeleza jinsi picha za kidijitali za magombo hayo zinavyotayarishwa ili nakala mpya zitobolewe.

Katika piano ya aina hii, mivukuto hufyonza hewa. Gombo hupita juu ya kipande cha shaba chenye safu ya matundu, na kila tundu lina noti yake. Tundu la karatasi linapokutana na tundu la shaba, hewa huingia na nyundo hupiga nyuzi za noti hiyo. Mwaka 1908, katika mkutano wa Buffalo, Marekani, watengenezaji walikubaliana juu ya gombo la noti 88, lenye upana wa inchi 11¼ na nafasi ya matundu 9 katika kila inchi.

Gombo kama hilo likipigwa picha kwa nukta 300 kwa inchi, njia moja ya matundu huwa mbali na ya pili kwa nukta 33 na theluthi. Hata hivyo, karatasi hutanuka, husinyaa na kuyumba inapopita mashinani. Kwa hiyo mhariri huanza kwa kuinyosha picha akifuata kingo, kisha hulipa kila tundu noti yake. Tena, noti ndefu mara nyingi ni mfululizo wa matundu madogo yaliyotenganishwa na vidaraja vya karatasi. Asipotahadhari, atadhani ni noti inayorudiwarudiwa.

Kazi iliyo nzito zaidi ni kutafuta hatua. Mashine iliyotoboa gombo ilisogeza karatasi kwa hatua zilizo sawa, hivyo mwanzo wa kila tundu ulikuwa juu ya mojawapo ya hatua hizo. Kwa kupima masafa mengi baina ya matundu, mhariri huugundua urefu wa hatua na kulirudisha kila tundu mahali pake. Hapo anachonakili si karatasi iliyochakaa, bali ni nakala mama iliyokwisha kupotea. Akiupuuza utaratibu huu, noti zilizoanza pamoja huenda zikatengana, na kila kizazi cha nakala kitazidisha upotovu.

Lakini hapa pana mtego. Katika gombo lililorekodiwa na mpigaji, noti zisizoangukia pamoja zaweza kuwa ndiyo lafudhi yake. Claude Debussy aliirekodia kampuni ya Welte ya Freiburg, Ujerumani, utungo wake "La cathédrale engloutie", uliochapishwa 1910. Katika gombo hilo, baadhi ya sehemu huzicheza kwa kasi iliyo karibu mara mbili ya ile inayodokezwa na chapa. Mhariri ambaye angelisahihisha gombo kwa kufuata chapa angeufuta ushahidi wa mtunzi mwenyewe.

Kwa hiyo kanuni ya wahakiki wa miswada yafaa hapa pia: kosa la mashine lisahihishwe, hiari ya mpigaji iachwe, kila badiliko liandikwe, na picha ya kwanza ihifadhiwe bila kuguswa.