Rimoti inayomfanya mwanafunzi wa chuo aonyeshe asichoelewa

Ukimuuliza mwanao aliye chuo kikuu masomo yanaendaje, mara nyingi jibu ni moja: "Poa tu." Wiki zinapita, ada imelipwa, hela ya kula imetumwa, na mzazi anabaki akiamini kwamba mambo ni poa. Matokeo ya muhula yanapotoka ndipo inajulikana kijana ana sapu mbili, na moja ni ya somo ambalo hakuwahi hata kulilalamikia.

Wazazi wengi hapo huhisi wamedanganywa. Lakini mara nyingi kijana hakudanganya. Yeye mwenyewe hakujua kwamba haelewi. Alihudhuria, alinakili, mhadhiri alipouliza "Mmeelewa?" aliitikia "Ndiyooo" pamoja na wenzake 300, na kipindi kikaisha. Katika ukumbi wa watu wengi namna hiyo, ukimya wa aliyeelewa na wa asiyeelewa hufanana.

Tatizo hilo si la nchi moja. Vyuo vikuu vya Marekani na Canada vimehangaika nalo kwa miaka mingi, na mojawapo ya njia walizojaribu ni kifaa kidogo kinachoitwa klika.

Klika ni nini?

Klika ni kama rimoti ndogo ya televisheni inayotosha kiganjani. Baadhi zina vitufe vitano vya majibu, kuanzia A hadi E. Katikati ya kipindi mhadhiri anaonyesha swali ukutani lenye majibu ya kuchagua. Kila mwanafunzi anabonyeza jibu lake, mawimbi ya redio yanalipeleka kwenye kipokezi kilichochomekwa kwenye kompyuta ya mhadhiri, na baada ya sekunde chache grafu inatokea mbele ya wote: asilimia kadhaa wamechagua A, kadhaa B, na kuendelea.

Vifaa vya mwanzo visivyo na waya vilitumia mwanga usioonekana, kama rimoti ya sebuleni, hivyo ilibidi uvielekeze sawasawa kwenye kipokezi. Vya redio viliondoa usumbufu huo. Kila klika ina namba yake, na mwanafunzi huisajili kwa jina lake mwanzoni mwa muhula. Wenzake hawaoni alichojibu, ila mhadhiri anaweza kukiona kwenye kumbukumbu zake.

Profesa aliyedhani anafundisha vizuri

Ili kuelewa kwa nini vyuo vilipenda kifaa hiki, turudi mwaka 1990 katika Chuo Kikuu cha Harvard. Eric Mazur alikuwa akifundisha fizikia kwa wanafunzi ambao wengi wao walilenga kuwa madaktari. Wanafunzi walimpenda, walimpa alama nzuri za ufundishaji, na kwenye mitihani walikokotoa mahesabu magumu bila shida.

Kisha akakutana na maandiko ya watafiti wa Arizona State University. Walikuwa wametunga mtihani wa maswali yasiyo na hesabu kuhusu nguvu na mwendo. Kwa mfano: gari kubwa likigongana na gari dogo, lipi linalisukuma mwenzake kwa nguvu zaidi? Mazur aliamini wanafunzi wake wangelipita jaribio hilo kirahisi. Wengi walishindwa. Mmoja alimuuliza kama ajibu kwa jinsi alivyofundishwa au kwa jinsi anavyofikiri mwenyewe siku zote.

Swali hilo linapaswa kumgusa kila mzazi. Linaonyesha kwamba mtu anaweza kupata alama nzuri huku somo halijamwingia. Na kama mtu huyo kesho atakuwa muuguzi anayekokotoa dozi ya dawa ya mtoto wako, tofauti kati ya kukariri na kuelewa inakuwa jambo la uhai.

Mazur alibadilisha ufundishaji wake. Alianza kuhutubia kwa muda mfupi, kisha kuuliza swali. Kila mwanafunzi anajibu peke yake kwanza. Kama waliopata ni kati ya asilimia 30 na 70 hivi, anawaambia wageukiane na kushawishiana, kisha wanajibu tena. Wakiwa chini ya hapo, anafundisha upya. Wakiwa juu, anaeleza kidogo na kusonga mbele. Mwanzoni alitumia mikono na kadi, klika zilikuja baadaye.

Utafiti unasema nini?

Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha jaribio lililofanyika University of British Columbia, Canada. Miongoni mwa watafiti alikuwemo Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2001. Walichukua madarasa mawili ya mwaka wa kwanza, kila moja likiwa na wanafunzi wapatao 270. Kwa wiki moja, darasa moja lilifundishwa na mhadhiri mzoefu kwa mihadhara ya kawaida. Lingine lilifundishwa na walimu wasio na uzoefu mkubwa, lakini kwa maswali ya klika, majadiliano na majibu ya papo hapo. Kwenye mtihani uleule, darasa la mihadhara lilipata wastani wa asilimia 41, la maswali asilimia 74.

Wiki moja ni muda mfupi, ndiyo. Lakini mwaka 2014 watafiti wengine walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Pale wanafunzi waliposikiliza tu, waliofeli walikuwa asilimia 33.8. Pale waliposhirikishwa, kwa klika au kwa njia nyingine, walishuka hadi asilimia 21.8. Katika darasa la watu 300, hiyo ni tofauti ya wanafunzi 36 hivi. Kila mmoja wao ana mzazi.

Je, huenda wanaojua tu ndio wanaowapa majibu wenzao? Watafiti wa University of Colorado walilichunguza hilo kwenye somo la jenetiki na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Baada ya majadiliano waliuliza swali la pili, tofauti lakini lenye wazo lilelile, na kila mtu akajibu peke yake. Wengi waliongeza alama, hata katika vikundi ambavyo hakuna aliyekuwa amepata swali la kwanza. Kubishana kwenyewe kuliwafikisha kwenye uelewa.

Aibu ya kuchekwa

Sisi tunaijua vizuri hofu ya kunyoosha mkono darasani, na Tanzania ina kisa chake maarufu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, maswali yake yaligeuzwa utani wa darasa. Hakunyamaza. Alimuuliza mgeni aliyefika shuleni, Dk Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye aliporudi chuoni aliagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala, na leo dunia inalijadili jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Lakini ni wangapi wana moyo wa Mpemba? Wengi wakichekwa mara moja hufunga mdomo hadi wanahitimu. Hapo ndipo klika inasaidia. Grafu ikionyesha kwamba nusu ya darasa limekosea, yule aliyedhani ni mjinga peke yake anagundua wako wengi. Naye mhadhiri hawezi tena kujifariji kwa ile "ndiyooo" ya pamoja.

Hofu ya mtihani na kumbukumbu

Kwa upande wa afya kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalitegemei. Tungedhani kuulizwa maswali kila kipindi kunamwongezea kijana msongo wa mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 Marekani uliwahoji wanafunzi 1,408 wa sekondari ambao walimu wao walitumia majaribio madogo ya mara kwa mara, mengi kwa klika. Asilimia 72 walisema yaliwapunguzia wasiwasi wa mtihani. Mtu aliyekwisha kukosea mara 20 bila kuadhibiwa haogopi sana swali la 21.

Kuulizwa pia huimarisha kumbukumbu. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo habari ya kusoma. Kundi moja liliisoma mara nne. Lingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza. Baada ya wiki, walikumbuka asilimia 40 tu, huku waliojijaribu wakikumbuka asilimia 61. Hivyo kijana anayesoma daftari lilelile usiku kucha kabla ya mtihani anajichosha kwa faida ya muda mfupi, na bado anajinyima usingizi ambao ubongo unauhitaji kuhifadhi alichojifunza.

Kipimajoto hakitibu homa

Pamoja na sifa zote hizo, klika si dawa. Ni kipimajoto: inakuonyesha homa, kazi ya kutibu inabaki kwa mhadhiri. Utafiti uliofanyika katika chuo kimoja cha Montreal, Canada, na kuchapishwa mwaka 2008 ulilinganisha klika na kadi za kawaida zenye herufi. Wanafunzi walijifunza sawa. Kilicholeta faida ni swali zuri na majadiliano. Mhadhiri anayeuliza maswali ya kukariri, au anayeiona grafu mbaya na kuendelea na slaidi zake, hatasaidiwa na kifaa chochote.

Pia kuna gharama. Kwa vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi hununua klika mwenyewe, kwa kiasi cha dola 50 hivi. Na kuna udanganyifu. Vyuo vilipoanza kutoa alama za mahudhurio kwa klika, baadhi ya wanafunzi waliwapa wenzao vifaa vyao wawabonyezee. Mwaka 2014 jambo hilo liligunduliwa katika somo moja la Dartmouth College, na wanafunzi 64 wakaingia kwenye hatua za kinidhamu. Mzazi mwenye mtoto ng'ambo amwambie wazi: kumbonyezea rafiki ni sawa na kumfanyia mtihani.

Siku hizi vyuo vingi hutumia programu za simu badala ya klika. Ni nafuu, lakini simu iliyotolewa kujibu swali moja huishia kwenye ujumbe na video. Utafiti wa Canada wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mwanafunzi anayefanya mambo mengine kwenye kompyuta darasani hushusha alama zake, na hata za wanaoketi mahali wanapoiona skrini yake.

Mzazi afanye nini?

Huhitaji kununua kifaa chochote. Wazo lenyewe unaweza kulitumia kuanzia wiki hii.

Kwanza, badilisha swali. Badala ya "Masomo vipi?" muulize: "Wiki hii ni kitu gani kimekuchanganya?" Akikujibu, usimkemee. Ukimkemea leo, muhula ujao atarudi kwenye "poa tu".

Pili, mwombe akufundishe. Hata kama hukusoma somo lake, mwambie akueleze kwa dakika tano, kwa Kiswahili cha kawaida, bila daftari. Akikwama, yeye mwenyewe ataona pengo liko wapi.

Tatu, mshauri awe na kikundi cha watu watatu au wanne. Kila mtu aandike jibu lake kwanza kwenye karatasi, ndipo wajadiliane. Wakianza na majadiliano, mwenye sauti kubwa atawafikiria wote.

Nne, ajijaribu mapema. Afunge daftari, aandike anachokumbuka, kisha alinganishe. Arudie baada ya siku mbili na baada ya wiki. Halafu alale walau saa saba.

Tano, jiandae kwa malalamiko. Utafiti wa Harvard wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa kushirikishwa walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu, wakati mtihani ulionyesha kinyume chake. Kufikiri kunachosha. Kijana akikuambia mhadhiri fulani "anatusumbua na maswali kila kipindi", usikimbilie kumhurumia. Muulize swali la mwisho lilikuwa lipi, na yeye alijibu nini.