Kamba ya bendera ikikwama mlingotini, mwanafunzi asikwee

BENDERA ya taifa hupandishwa katika shule nyingi nchini kila Jumatatu na Ijumaa. Kutoka Kitale hadi Bungoma, wanafunzi husimama wima huku wenzao, aghalabu skauti, wakivuta kamba. Lakini siku kamba hiyo inapokwama juu, hatua ya kwanza isiwe kumtuma mvulana mwepesi akwee mlingoti.

Kamba ya bendera hupita katika kapi, yaani gurudumu dogo lililofungwa kileleni. Kazi yake ni sawa na ile ya jarari, kamba ambayo mabaharia wa Pwani hutwekea tanga la jahazi. Hukwama kwa njia tatu: kuruka nje ya mfereji wa gurudumu na kubanwa ubavuni; fundo au kulabu kuvutwa hadi ndani ya kapi; au ncha moja kuponyoka mkononi na kupaa.

Kuvuta kwa nguvu hakufai, kwani huzidi kukaza fundo. Iwapo ncha zote mbili zingali chini, zilegezwe, kisha kamba itikiswe mfano wa wimbi lipandalo hadi kileleni. Baadaye upande wa pili, si ule uliokuwa ukivutwa, uvutwe polepole, sambamba na mlingoti.

Iwapo ncha moja imepaa na inaning’inia, ile iliyobaki chini isivutwe, la sivyo kamba yote itachomoka. Ifungwe kwanza imara, halafu ncha ya juu inaswe kwa mwanzi mrefu wenye kulabu ya waya.

Ikishindikana, mlingoti ulazwe. Ule ulioshikiliwa kwa bolti mbili kati ya nguzo fupi za saruji huweza kuinamishwa baada ya bolti ya chini kutolewa, watu wazima wakiushikilia kwa kamba. Uliochimbiwa ardhini humhitaji fundi mwenye ngazi.

Hatari hapa si ndogo. Bomba la chuma lililoliwa na kutu shinani laweza kukatika kwa uzito wa mtoto. Mlingoti unaolazwa, hata mwanzi mbichi, ukigusa nyaya za umeme huweza kuua. Aidha, magharibi mwa Kenya hupata ngurumo na radi mara kwa mara wakati wa mvua, na kazi hii haifai kufanywa wingu likiwa limetanda.

Kamba iliyo huru huhitajika zaidi wakati wa msiba wa kitaifa, kama Oktoba 2025 alipofariki aliyekuwa Waziri Mkuu, Raila Odinga. Kwa utaratibu, bendera hupandishwa kwanza hadi kileleni, ndipo hushushwa nusu mlingoti. Jioni hupandishwa tena kabla ya kuteremshwa. Kapi lililokwama haliruhusu heshima hiyo.

Kinga ni nafuu kuliko tiba. Ncha mbili za kamba ziunganishwe ziwe duara moja, hivyo hakuna itakayoponyoka. Kamba ya katani huvimba inapolowa na ile ya nailoni huchakaa kwa jua. Zikaguliwe kila muhula na kubadilishwa kabla ya kufumuka. Mlingoti ukilazwa, gurudumu litiwe mafuta papo hapo.