Mpira Uliorushwa Mbele: Kundi la Notre Dame Mwaka 1913

Mpira wa Wamarekani si ule tuuchezao sisi kwa miguu. Mpira wao una umbo la yai. Wachezaji kumi na mmoja wa kila upande huukumbatia na kushindana kuufikisha ng'ambo ya mstari wa wapinzani. Hapo zamani kazi yote ilikuwa kusukumana kwa mabavu. Katika mwaka 1905 vijana zaidi ya kumi walipoteza maisha kwa ajili ya mchezo huo, hata Rais Theodore Roosevelt akawaita wajumbe wa vyuo vikubwa vitatu ili awaonye. Mwaka 1906 ikatolewa ruhusa ya kuurusha mpira mbele kwa mkono, kusudi wachezaji watawanyike uwanjani, wasirundikane na kuumizana.

Mwaka uleule chuo cha Wajesuiti cha Saint Louis kiliijaribu njia hiyo, kikashinda michezo yake yote 11. Lakini wengi waliidharau. Walisema moyoni: mwenye nguvu ana haja gani ya ujanja?

Katika jimbo la Indiana palikuwa na chuo cha Notre Dame, kilichoanzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin, Mfaransa wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Mwaka 1913 kapteni wa kundi lake alikuwa Knute Rockne, mzaliwa wa Norway. Alikuwa amefanya kazi ya posta mjini Chicago, akiweka akiba ya masomo, akaingia chuoni mwaka 1910 akiwa na umri wa miaka 22. Rafiki yake, Gus Dorais, ndiye aliyekuwa mrushaji. Wote wawili hawakuwa na miili mikubwa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakati wa likizo vijana hao walikwenda kufanya kazi Cedar Point, kando ya ziwa Erie. Kila walipopata nafasi walishuka mchangani: Dorais arushe, Rockne akimbie na kudaka, tena na tena.

Tarehe 1 Novemba, sikukuu ya Watakatifu Wote, kundi lao lilikabili chuo cha kijeshi cha West Point, baada ya safari ndefu ya gari la moshi. Wanajeshi walijipanga karibu karibu, tayari kusukumana. Dorais akaurusha mpira juu ya vichwa vyao. Rockne akaudaka mbali, mahali pasipo na mtu, akavuka mstari. Wanajeshi hawakukata tamaa: wakati wa mapumziko hesabu ilikuwa 14 kwa 13 tu. Lakini katika kipindi cha pili hawakupata hata nukta moja. Mwisho ukawa 35 kwa 13. Mwaka ule West Point haikushindwa na kundi lingine lolote, nayo Notre Dame ilishinda michezo yake yote 7, chini ya mwalimu wao Jesse Harper.

Baadaye Rockne mwenyewe aliwafundisha wachezaji wa Notre Dame, tangu 1918 hata 1930. Mwaka 1925 aliingia katika Kanisa Katoliki. Mwaka 1931 akafa katika ajali ya ndege.

Enyi wanafunzi, sheria ile ilikuwa wazi kwa wote tangu 1906. Notre Dame haikupewa kitu ambacho wengine walinyimwa. Tofauti ilikuwa kule mchangani, ambako vijana wawili walijizoeza bila mtu wa kuwapigia makofi.