Sindano ya Moto na Mama Asiyepata Usingizi



Usingizi ni neema ambayo thamani yake huijua aliyeikosa. Mama zetu hunijia wakilalamika kwamba nyumba nzima hulala, wao wakabaki macho hadi adhana ya alfajiri. Jirani humwambia mmoja ana jini. Mwingine huambiwa imani yake imepungua. Mimi humwombea dua, kisha humweleza kuwa usingizi una mizizi yake mwilini pia.

Tutazame tiba ya Wamongolia. Waganga wao husema afya ni mizani ya mambo matatu: khii, yaani upepo, shar, yaani nyongo, na badgan, yaani kohozi. Upepo ukivurugika, usingizi hutoroka. Hapo hudunga sindano mahali maalumu, utosini pakiwemo, na kuzipasha moto.

Watafiti wa Mongolia ya Ndani, kaskazini mwa China, wameijaribu tiba hiyo kwa panya. Panya hudungwa dawa iitwayo PCPA, inayozuia mwili kutengeneza serotonini, nao hukosa usingizi. Serotonini hupeleka habari ubongoni. Tena ndiyo inayogeuzwa kuwa melatonini, homoni inayouarifu mwili kuwa usiku umeingia. Baada ya sindano za moto, watafiti waliripoti mabadiliko katika kemikali za ubongo.

Hata hivyo, yatupasa uadilifu. Panya alinyimwa serotonini kwa dawa. Mama hukeshwa na deni, msiba au mtoto mgonjwa. Lililoonekana kwa panya halijawa hakika kwa binadamu. Basi asije mtu akauza dhahabu yake kumlipa anayeahidi kumponya kwa sindano. Na sindano isiyo safi huweza kuambukiza homa ya ini na Ukimwi.

Lenye faida kwetu ni funzo lenyewe: kukosa usingizi si aibu, wala si dalili ya imani haba. Mama na alale na kuamka kwa saa zilezile, aache kahawa tangu alasiri, na simu aiweke mbali baada ya isha. Akikesha siku tatu au zaidi kwa wiki, hali ikaendelea miezi mitatu, aende kwa daktari. Nawe mume, usimkemee, mpunguzie mzigo. Dua na tiba ni ndugu, hazigombani.

Wallahu aalam.