Mkono uliopooza unataka kazi, hata bila miwani ya kompyuta

Kiharusi kinapokata damu isifike sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka kichwani, mkono wenyewe haujaharibika. Misuli ipo, mifupa ipo. Kilichopotea ni amri. Mgonjwa anataka kushika kikombe, bega linapanda, kiwiko kinajikunja, vidole vinakipita. Kupona kunategemea sehemu za ubongo zilizosalia kujifunza kazi ya zile zilizokufa, na ubongo hujifunza kwa kurudia tendo lenye shabaha, mara nyingi mno.

Shida ni hiyo "mara nyingi". Mwaka 2009 watafiti wa Marekani na Kanada walihesabu mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi, wakakuta kwamba katika kipindi kimoja mkono hufanya matendo ya maana kama 32 tu. Wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulionekana kubadilika walirudia mamia kwa siku.

Michezo ya uhalisia pepe inalenga kuziba pengo hilo. Mgonjwa anavaa miwani inayofunika macho, au anatazama skrini tu huku kamera au kidude cha mkononi kikifuatilia mkono wake. Anadaka mpira, anachuma matunda, alama zinapanda. Akikosa, anaona hapo hapo amekosa kwa kiasi gani. Mtu aliyechoshwa na kunyoosha kiwiko anajikuta amekinyoosha saa nzima.

Je, inaponya kuliko mazoezi mengine? Jaribio la EVREST, lililoongozwa na Dk. Gustavo Saposnik wa Toronto na kutolewa mwaka 2016, lilihusisha wagonjwa 141 katika nchi nne. Kundi moja lilicheza michezo ya video ya Wii. Jingine lilicheza karata, bingo, mpira au jenga, mchezo wa kupanga vipande vya mbao, kwa muda ule ule. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti ya maana. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2017, yaliyokusanya majaribio 72, yalionyesha kwamba michezo ya kompyuta husaidia zaidi inapoongezwa juu ya mazoezi ya kawaida.

Kwangu, hizo ni habari njema kwa Izimbya na vijiji vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Dawa ni kurudia, na vifaa vya kurudia vimo nyumbani. Kuna buni za kuchambua moja moja kwa kidole gumba na cha shahada, na maharage ya kuhamisha toka bakuli hadi bakuli. Kuna bao: unachota kete, unaziachia moja moja shimo kwa shimo, jicho na vidole vinakwenda pamoja, na mpinzani aliye mbele yako hakuruhusu kulala. Kisu cha kumenyea ndizi kisubiri kwanza.

Lakini huruma yetu nayo inaumiza. Mzee analishwa, anavalishwa, anafungiwa vifungo, na mkono unazidi kusahau. Mwacheni ajaribu, hata akichelewa. Wala msimwinue kwa kuuvuta mkono uliolegea, kwani bega huteguka.

Nafuu kubwa huja katika miezi ya mwanzo. Kwa hiyo mdomo ukipinda, mkono ukianguka au maneno yakivurugika ghafla, mpelekeni mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo, na kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani ombeni aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia, awaonyeshe mazoezi ya kuendelea nayo.