Sura ya Nne: Kutembea Nuruni

Mtu aliyeokoka wakati wa Uamsho wa Afrika Mashariki alitambulika kwanza kwa vitu alivyorudisha. Kabla hajasimama kutoa ushuhuda, jirani alikwisha kumwona akija na ng'ombe asiye wake, au jembe, au fedha aliyoipata kwa kuchezea hesabu za mwajiri. Naanzia hapo kwa sababu siku hizi tukitaja amani ya moyo, wengi wetu humfikiria mtu aliyejifungia chumbani, simu kaizima, anatafuta utulivu. Utulivu huo siudharau. Lakini ndugu wa Uamsho, wa Gahini kule Rwanda na Kigezi kule Uganda, walikuwa na habari nyingine kabisa.

Habari hiyo yaanzia Kampala mwaka 1929. Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alikuwa amechoka mwili na roho. Njaa kubwa ilikuwa imeikumba Rwanda, na imani yake mwenyewe ilikuwa imekauka. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Muganda aliyefanya kazi katika idara ya afya. Wakakaa na Biblia zao, wakasoma, wakaomba. Enzi ile ya ukoloni, Mzungu na Mwafrika kukaa hivyo, kila mmoja akikiri upungufu wake mbele ya mwenziwe, lilikuwa jambo geni, na mimi naamini mbegu yote ya Uamsho imo katika kikao kile. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alifundisha Gahini hadi alipofariki Januari 1936, angali kijana. Moto ulikuwa umeshashika. Ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Buhaya katika Tanganyika, na Waganda wakawaita watu hao Balokole, yaani waliookoka.

Fundisho lao kuu walilitoa katika sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza wa Yohana: kutembea nuruni. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Ndugu hawa waliona kwamba siri hiyo ndiyo inayomnyima mtu usingizi. Mwenye kuficha ana kazi isiyokwisha. Hana budi kukumbuka alimwambia nani nini, njia ipi asipite asije akakutana na fulani, na jina gani likitajwa ageuze mazungumzo. Anaweza kusali kila siku na bado moyo ukabaki mzito, kwa kuwa Mungu anayemwomba amani ndiye yule anayemwambia aiache sadaka madhabahuni, aende kwanza akapatane na nduguye. Damu ya Yesu, kwa mafundisho yao, iliondoa hatia. Kumrudia mtu uliyemkosea ilikuwa dalili kwamba msamaha huo umepokewa kweli.

Ndiyo maana amani yao haikukaa kwa mtu mmoja. Katika ushirika wa kila wiki, nyumbani kwa mtu au chini ya mti, mmoja alisimama akamshukuru Bwana, kisha akasema jambo lililomshinda wiki ile kwa jina lake: nimemkasirikia mke wangu, nimemwonea wivu mwalimu mwenzangu. Mke alikuwapo, akasikia. Wenzake hawakumhutubia, walimwimbia Tukutendereza Yesu, wimbo wa Kiganda ambao hadi leo huimbwa na watu wasiojua neno jingine la lugha hiyo. Aliyesikia mwenziwe akisema kosa linalofanana na lake alipata ujasiri wa kusema lake. Hivyo ndivyo amani ilivyogawanywa.

Walikuwa na makosa yao. Wapo waliowabana wenzao waungame kwa nguvu, na ukweli wa namna hiyo hujeruhi. Na ipo aibu ambayo kila anayeupenda Uamsho lazima aibebe: Rwanda, nchi ulikowashwa moto ule, ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Wapo Wakristo waliouawa kwa kukataa kutengana na ndugu zao wa kabila jingine, na wapo wabatizwa walioshika panga. Nuru ya babu haimwangazii mjukuu asiyetaka kutembea ndani yake.

Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alizoea kusimulia kwamba alipookoka, akiwa mwalimu kijana, alipanda baiskeli akaenda mwendo mrefu hadi kwa Mzungu mmoja ambaye yeye Festo alikuwa akimchukia, akamwomba radhi. Hilo lilikuwa gumu, ila lilikuwa na njia: mtu yupo, mlango upo, unabisha hodi. Je, aliyekukosea asipotaka kusikia?

Februari 1973, serikali ya Idi Amin nchini Uganda iliwaua watu watatu kwa risasi hadharani katika uwanja wa Kabale. Kabla hawajapigwa risasi, Kivengere alikwenda kuwafariji. Akawakuta nyuso zao zinang'aa. Mmoja akamwambia kwamba Yesu ameingia moyoni mwake, na wakawapungia watu mikono yenye pingu. Aliyekwenda kutoa faraja ndiye aliyeipokea.

Miaka minne baadaye Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na utawala huohuo, na Kivengere na mkewe Mera wakakimbilia Rwanda, wakivuka milima usiku kwa miguu. Uchungu dhidi ya Amin ulimkaa kooni, akakiri kwamba ulikuwa ukimla roho. Ijumaa Kuu, kanisani London, aliposikia habari ya Yesu akiwaombea waliomsulubisha, alijua kwamba naye hana ruhusa ya kuendelea kuchukia. Kitabu alichoandika mwaka huo kiliitwa *I Love Idi Amin*, yaani nampenda Idi Amin, na jina hilo liliwashtua wengi waliofiwa.

Amin hakuja kumwomba radhi. Kivengere aliendelea kuwasaidia wakimbizi wa Uganda, na mwaka 1979, utawala ule ulipoanguka, akarudi Kabale.