Upepo wa Kimbunga Unapovuka Ufuko

Doornfontein, mashariki kidogo ya katikati ya jiji la Johannesburg, iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo hadi pwani ni mamia ya kilomita. Kimbunga hakiwezi kufika huko kikiwa na nguvu zake za baharini. Hata hivyo, anayesomea uhandisi katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Johannesburg iliyoko mtaani humo hukutana na fizikia ileile inayoamua paa lipi litaezuliwa Kilwa na lipi litasalimika. Kanuni za ujenzi za Afrika Kusini, SANS 10160, humtaka ajue kwanza mambo mawili: upepo umepita juu ya nini kabla ya kulifikia jengo, na hewa ya mahali hapo ina uzito gani. Kwa mwinuko wa Johannesburg, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu moja ya sita, kwa hiyo upepo wa kasi ileile husukuma ukuta kwa nguvu pungufu kwa kiasi hicho. Pwani yetu ya Tanzania haina unafuu huo.

Hilo la kwanza, upepo umepita juu ya nini, ndilo zito zaidi. Katika kimbunga, upepo mkali kuliko wote hauko chini tunakosimama. Tangu mwaka 1997 ndege za utafiti za Marekani zimekuwa zikidondosha ndani ya vimbunga vipimahewa vidogo vyenye parachuti na GPS. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba karibu na jicho la kimbunga kasi hufikia kilele kwenye kimo cha mita 500 hivi, kisha hupungua kadiri unavyoshuka, kwa sababu ya msuguano. Juu ya bahari, kwenye kimo cha mita kumi, hubaki kama robo tatu au zaidi kidogo ya kasi ile ya juu. Juu ya mji wenye majengo mengi marefu, kama eneo linaloizunguka Doornfontein, kasi ya wastani kwenye kimo hichohicho inaweza kushuka chini ya nusu.

Bahari, basi, ni laini mno kwa upepo. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kwamba mawimbi yakizidi kukua, nayo yangezidi kuukamata upepo. Mwaka 2003 Mark Powell na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyosema vingine: upepo ukishapita takriban kilomita 120 kwa saa, ukamataji huo hauongezeki tena. Povu na manyunyu hutanda juu ya maji, na upepo huteleza. Kimbunga kikali hufika ufukoni kikiwa hakijapunguzwa kasi kwa kiasi tulichotarajia.

Kisha upepo unavuka mchanga. Hapa wengi hudhani kwamba minazi na nyumba za mbele huupunguza mara moja kwa walioko nyuma. Sivyo. Msuguano wa ardhi huanzia chini na kupanda polepole. Kwa kukadiria, tabaka lililoguswa na ardhi hunenepa mita moja kwa kila mita kumi za safari. Mita 50 kutoka ufukoni, limefikia kimo cha mita tano tu. Nyumba ya chini imeanza kuonja unafuu, lakini paa la hoteli ya ghorofa mbili na vilele vya minazi bado vinapigwa na upepo wa bahari kamili. Hata ndani ya tabaka hilo, ni sehemu ya chini kabisa tu iliyokwisha kupunguzwa vya kutosha. Na ardhi, wakati inashusha wastani, huuvuruga upepo: dharuba za sekunde chache hupanda juu ya wastani kwa tofauti kubwa kuliko baharini. Kwa kuwa nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi, dharuba inayozidi wastani kwa asilimia 40 husukuma karibu mara mbili. Mabati hung'olewa na dharuba, wala si na wastani unaotangazwa redioni.

Kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Kimbunga Hidaya kilipokuja kutoka Bahari ya Hindi kikielekea magharibi mwanzoni mwa Mei 2024, hadi kikapoteza nguvu kilipoingia Mafia, upepo wa upande wake wa kusini ulikuwa unatoka baharini, na mwendo wa kimbunga chenyewe ukiuongezea kasi. Upande wa kaskazini, kwa mzunguko huohuo, upepo hutoka bara ukiwa umekwisha kukwaruzwa na miti na miji. Maeneo mawili yaliyo umbali sawa kutoka kwenye jicho, moja kuelekea Kilwa na jingine kuelekea Dar es Salaam, hayapati upepo mmoja.

Vimbunga ni nadra karibu na ikweta, kwa kuwa huko mzunguko wa dunia hauisokoti hewa vya kutosha. Nadra haimaanishi kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikazamisha meli za Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, na kuangusha mikarafuu mingi mno hata Pemba, iliyonusurika kwa sehemu kubwa, ikashika uongozi wa zao hilo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania leo hutangaza njia ya kimbunga siku kadhaa kabla. Anayeishi Lindi au Mafia akisikia tangazo hilo, aulize jicho litapita upande gani wa kijiji chake, na upepo utamfikia ukitoka majini au ukitoka mashambani.